Kumfundisha mtoto wa shule ya msingi kompyuta: mwongozo kamili kwa mwalimu

Mtoto anayejua kufungua video kwenye simu ya mzazi bado hajajua kompyuta. Amejua kubonyeza. Tofauti huonekana pale kifaa kinapofanya kitu asichokitegemea. Anayejua kubonyeza tu hubonyeza tena, mara nyingi zaidi, au humwita mtu mzima. Anayejua kompyuta hujiuliza: nimekiagiza nini, nilitarajia nini, na kimefanya nini? Mwongozo huu umejengwa juu ya tabia hiyo moja, yaani kutabiri kabla ya kubonyeza, kujaribu, kisha kurekebisha. Mengine yote utakayoyasoma hapa, kuanzia mchezo wa roboti hadi namna ya kupima habari za intaneti, ni njia za kuikuza tabia hiyo.

Somo lenyewe lina mikondo mitatu. Wa kwanza ni jinsi kompyuta inavyofanya kazi na jinsi ya kuiandikia maagizo. Wa pili ni kuitumia kutengeneza kitu: maandishi, picha, jedwali, sauti. Wa tatu ni kuishi na intaneti: kutafuta habari, kuzipima, kujilinda na kuwatendea wengine vizuri. Ni rahisi kwa shule kubaki kwenye mkondo wa pili peke yake, tena kwenye sehemu yake iliyo kavu zaidi: kukariri majina ya sehemu za kompyuta na kuandika barua isiyokwenda kwa mtu yeyote. Fundisha yote mitatu tangu mwaka wa kwanza. Mwaka 2014 England iliingiza uandishi wa programu katika mtaala wake kuanzia kwa watoto wa miaka 5, kwa hiyo usihofu kwamba wako ni wadogo mno.

Hatua ya 1: Kagua vifaa, kisha panga darasa

Usisubiri chumba kilichojaa kompyuta. Kompyuta moja na projekta inatosha kwa kipindi kizuri sana, kwa sababu darasa zima linaweza kutabiri pamoja na mtoto mmoja akaenda mbele kubonyeza. Ukiwa na chache, gawa darasa katika vituo viwili: nusu wako kwenye mashine wawili wawili, nusu wanapanga programu zao kwenye karatasi, kisha wanabadilishana katikati ya kipindi. Ukiwa huna hata moja, hatua ya 2 hapa chini ina kazi ya muhula mzima.

Siku moja kabla ya kipindi, washa kila mashine na ufungue programu utakayoitumia. Ifungue kwa akaunti ya mwanafunzi, si kwa yako. Akaunti ya mwalimu mara nyingi ina ruhusa ambazo ya mwanafunzi haina, na utaligundua hilo mbele ya watoto wakati muda unakimbia.

Kwa watoto wa miaka 5 hadi 7 tumia ScratchJr, programu ya kujifunzia kuandika programu, iliyotoka mwaka 2014. Bloku zake, yaani vipande vya maagizo vinavyounganishwa kuwa programu, ni picha tupu, hivyo asiyejua kusoma bado anaweza kuipanga programu. Kuanzia miaka 8 tumia Scratch, iliyotengenezwa katika chuo kikuu cha MIT, Marekani, na kutolewa kwa umma mwaka 2007. Zote ni za bure. Scratch inaweza kusakinishwa kwenye kompyuta na kutumika bila intaneti, na katika orodha ya lugha zake Kiswahili kimo. Mtoto anayesoma bloku kwa lugha anayoifikiria hana mzigo wa ziada wa kukariri maneno mageni, kwa hiyo badilisha lugha kabla hawajaingia.

Kuhusu akaunti: huduma nyingi za mtandaoni haziruhusu mtoto aliye chini ya miaka 13 kujisajili mwenyewe, kwa sababu ya sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayolinda taarifa za watoto. Usimfundishe mtoto kudanganya umri ili apite. Scratch humpa mwalimu akaunti inayoweza kufungua akaunti za wanafunzi bila barua pepe. Au tumia tu ile iliyosakinishwa, ambayo haihitaji akaunti yoyote.

Hatua ya 2: Anza bila kompyuta

Chora miraba 5 kwa 5 sakafuni au uwanjani. Mweke mtoto mmoja kwenye mraba wa kona awe roboti, weka kitabu kwenye mraba mwingine kiwe lengo. Roboti inajua maagizo matatu tu: mbele, yaani mraba mmoja, geuka kushoto, geuka kulia. Kikundi kinaandika maagizo yote kwenye karatasi kabla roboti haijasogea hata mraba mmoja.

Sharti hilo la kuandika kwanza lisimamie kwa ukali. Ukiwaacha watoe maagizo kwa mdomo, wataiendesha roboti kwa macho, wakirekebisha kila hatua, na hawatapanga chochote. Wakiandika kwanza wanalazimika kuipita njia nzima kichwani. Kisha mtoto mwingine anasoma maagizo kwa sauti na roboti inatii kama ilivyoambiwa, hata ikielekea ukutani. Roboti isifanye hisani ya kurekebisha kosa la mwandishi.

Makosa mawili yatajitokeza karibu kila mara. La kwanza: watoto hudhani "geuka kushoto" ina maana ya kusogea kushoto. Mwonyeshe kwamba roboti inazunguka papo hapo, inabaki kwenye mraba ule ule. La pili: roboti ikiwa imewaelekea wao, kushoto kwake ni kulia kwao, na wataandika kwa kufuata mikono yao. Dawa ni kumsimamisha mwandishi na kumwambia ageuze mwili wake uelekee upande ule ule anaoelekea roboti. Seymour Papert, aliyeiunda lugha ya Logo mwaka 1967 pamoja na Wally Feurzeig na Cynthia Solomon, alisisitiza jambo hili hili: mtoto anayeagiza kobe wa kuchora kwenye skrini ajifanye kobe, atembee kwa miguu yake, ndipo aandike.

Maagizo yakifeli, usiseme "umekosea." Uliza: ni agizo la ngapi ambapo roboti iliacha kufanya ulichotarajia? Watarudi kwenye karatasi, watahesabu, watalikuta. Kwa watoto wa miaka 6 hilo ni jambo kubwa. Wamejifunza kwamba kosa lina mahali pake, na mahali hapo panaweza kupatikana.

Kazi ya pili inawafaa wenye miaka 8 na kuendelea. Tengeneza kadi tano zenye nukta 16, 8, 4, 2 na 1. Watoto watano wanasimama mbele kwa mpangilio huo, kila mmoja akiwa na kadi yake, ama imeonyesha nukta ama imegeuzwa. Omba namba 11: wataonyesha 8, 2 na 1, na nyingine zitageuzwa. Andika ubaoni 01011, moja kwa kadi inayoonyesha nukta na sifuri kwa iliyogeuzwa. Sasa uliza ni namba ipi kubwa kuliko zote wanayoweza kuitengeneza. Waache wajumlishe wenyewe hadi 31. Kisha uliza wangehitaji nini ili wapate 32. Kuna mtoto atakayesema kadi ya sita, na ukimuuliza iwe na nukta ngapi atakuwa ameshaona kwamba kila kadi ni mara mbili ya iliyo kuliani kwake. Hapo ndipo unapowaambia kwamba ndani ya kompyuta kila kitu, herufi, picha na sauti, huhifadhiwa kwa hali mbili hizo tu. Wape karatasi yenye miraba 8 kwa 8 na mistari minane ya sifuri na moja. Wapake rangi penye moja, na picha itatokea. Kazi za namna hii za kufundisha kompyuta bila kompyuta zilienezwa duniani na Tim Bell, Ian Witten na Mike Fellows, na mradi wao, CS Unplugged, bado unazitoa bure.

Ya tatu ni fupi: nimefikiria namba kati ya 1 na 100, bashiri, nitakuambia kubwa zaidi au ndogo zaidi. Wakibahatisha, wataulizauliza muda mrefu. Wakianza katikati na kukata nusu kila mara, mabashirio 7 yanatosha daima. Usiwape siri hiyo. Cheza mpaka mmoja aipate na awaeleze wenzake.

Hatua ya 3: Mikono, kibodi na faili

Hapa pita haraka. Kipanya kinajifunzwa kwa kuchora: fungua programu ya kuchorea, waambie wachore nyumba, mlango, jua. Kuchora duara na kuburuta umbo kunawafundisha zaidi kuliko zoezi lolote la kubofya vitufe. Kibodi iwe dakika chache mwanzoni mwa kipindi, na kuandika kwa vidole vyote kusubiri mpaka mikono ikue, miaka 8 au 9. Mtoto wa miaka 6 anayetafuta herufi kwa kidole kimoja hana kasoro yoyote.

Panapohitaji muda ni kwenye faili. Watoto waliokulia kwenye simu na vishikwambi wanajua kwamba kazi "imo kwenye programu," hawajui kwamba ina jina na mahali. Fanya zoezi hili: kila mtoto anahifadhi picha yake kwa jina aliloambiwa, kwa mfano jina lake la kwanza, neno "nyumba" na namba 1, ndani ya folda ya darasa. Anafunga kila kitu. Kabla ya kuifungua tena, anamweleza jirani njia atakayopita: folda ipi, kisha ipi, kisha faili gani. Ndipo anabofya. Rudia kila kipindi mpaka iwe mazoea. Wafundishe pia kuhifadhi toleo jipya kwa namba mpya kabla ya kufanya badiliko kubwa, maana mtoto anayejua kwamba kazi ya jana iko salama hujaribu mambo bila woga.

Hatua ya 4: Kuandika programu

Usianze kwa skrini tupu. Anza kwa kusoma. Onyesha programu fupi iliyokwisha kupangwa, usiibofye, na uwaulize itafanya nini. Kila mtoto aandike au achore utabiri wake. Kisha bofya bendera ya kijani, kitufe cha kuanzisha programu kwenye Scratch. Waliopatia waeleze walijuaje. Wasiopatia waonyeshe ni bloku gani iliyowashangaza. Baada ya kusoma wanabadilisha kitu kimoja, kisha viwili, na mwishowe wanatengeneza cha kwao. Kusoma, kubadilisha, kutengeneza. Mtoto anayerukia kutengeneza moja kwa moja kwa kawaida huishia kubandika bloku kwa rangi.

Mfano mzuri wa kuanzia kwenye Scratch ni mraba. Panga bloku nane: sogea hatua 100, geuka digrii 90, na hizo mbili zirudie mara nne. Uliza paka, mhusika anayeonekana kwenye skrini ya Scratch, atafanya nini. Wengi watasema atatembea mraba. Bofya. Paka ataonekana kama hakusogea kabisa! Amesogea, lakini maagizo yote nane yametekelezwa kwa kasi kiasi kwamba jicho linaona mwisho tu, na mwisho ni pale pale alipoanzia. Acha darasa lihangaike na fumbo hili kabla hujasema lolote. Ufumbuzi ni wa namna mbili: kuweka bloku ya kusubiri sekunde moja baada ya kila hatua, au kumpa paka kalamu iache mstari. Kalamu haionekani mwanzoni. Inaongezwa kwa kubofya kitufe cha viongezeo kilicho chini kushoto.

Sasa uliza: ni kitu gani kinajirudia? Wataona kwamba bloku nane ni mbili tu zilizorudiwa mara nne, na bloku ya kurudia itakuwa imeingia darasani kwa sababu inahitajika, bila wewe kuwapa maana ya kukariri.

Kutoka hapo nenda kwenye pembetatu. Waulize wageuke digrii ngapi. Wanaojua pembe za pembetatu sawa watasema 60, na watajaribu, na mchoro hautafunga. Watapata nusu ya umbo la pande sita. Hapa usiwape jibu la 120. Wasimamishe, watembee pembetatu sakafuni, wahisi jinsi mwili unavyogeuka kwenye kona. Mwili haugeuki kwa pembe iliyo ndani ya umbo, unageuka kwa kiasi kinachobaki hadi nusu duara. Wakimaliza safari nzima wamezunguka mara moja kamili, digrii 360. Kwa hiyo ukigawa 360 kwa idadi ya pande unapata kiasi cha kugeuka: 120, 90, 72, 60. Nimeona watoto walioogopa hesabu wakichora maumbo ya pande 36 kwa hiari yao, wakiuliza lini litakuwa duara.

Baada ya mfuatano na kurudia, leta masharti, kisha vibadilika, yaani namba zenye majina zinazoweza kubadilika. Usibadilishe mpangilio huo. Sharti ndipo penye mtego unaonasa karibu kila mtoto: anapanga "ikiwa umegusa ukingo, toa sauti," anabofya bendera, anamsogeza paka mpaka ukingoni, na hakuna sauti. Sababu ni kwamba kompyuta iliuliza swali hilo mara moja tu, wakati bendera ilipobofywa, ikapata jibu la hapana, ikamaliza kazi. Ili iendelee kuuliza, sharti liwe ndani ya bloku ya kurudia daima. Mfanye mtoto awe kompyuta: asome bloku moja baada ya nyingine kwa sauti, kidole kikiwa kwenye bloku anayoisoma, na ataligundua mwenyewe.

Mtego mwingine ni mwanzo. Programu ikimaliza, mhusika hubaki alipoishia, na ukibofya tena anaanzia hapo. Mtoto atasema "jana ilifanya kazi, leo imeharibika." Mfundishe kwamba kila programu ianze kwa kuweka mambo sawa: nenda x 0 y 0, elekea 90, futa michoro. Jukwaa la Scratch lina upana wa pointi 480 na urefu wa 360, na sifuri iko katikati kabisa, hivyo mtoto atakutana na namba hasi bila kutishwa nazo.

Kuhusu kibadilika, alama za mchezo ndizo mlango bora. Kila mtoto anaelewa kwamba kuna namba moja yenye jina ambayo inaongezeka akishinda. Angalia tu tofauti ya "weka alama iwe 1" na "ongeza alama kwa 1." Muulize atabiri alama zitakuwa ngapi baada ya kugusa nyota tatu kwa kila bloku.

Sasa jinsi ya kuwakalisha. Wawili kwa mashine moja ni bora kuliko mmoja, hata kama mashine zinatosha. Mmoja anashika kipanya na hasemi la kufanya. Mwenzake anaelekeza na hagusi kitu. Wabadilishane kwa saa, kila baada ya dakika 5 hadi 7, na wewe ndiye utangaze. Usipotangaza, yule mwepesi au mwenye kompyuta nyumbani atashika kipanya hadi mwisho, na mara nyingi huyo ni mvulana aliyekaa na msichana. Hili lina uzito: mtoto anayekaa miaka mitatu akimtazama mwenzake huhitimisha kwamba kompyuta si yake.

Na wewe mwalimu, usiushike mkono wa mtoto wala kipanya chake. Ukirekebisha wewe, programu itafanya kazi na mtoto hatajifunza kitu. Simama nyuma, uliza maswali matatu: Ulitaka ifanye nini? Imefanya nini? Ni wapi ilipoanza kutofautiana? Swali la tatu likimshinda, mwambie aitenganishe programu vipande viwili na ajaribu kila kipande peke yake. Weka sharti la darasa kwamba kabla ya kumwita mwalimu, mtoto amesoma programu yake kwa sauti na amemuuliza jirani. Mikono mingi itashuka yenyewe.

Kwa wasio na mashine za kutosha kuna zoezi la karatasi lenye nguvu sana: chapisha au andika bloku za programu sahihi, zikate, zichanganye, wape kikundi wazipange upya, na uongeze bloku moja isiyohitajika. Mabishano yatakayozuka ndiyo somo.

Ukipata micro:bit, kadi ndogo ya kompyuta iliyoanzishwa na BBC na kugawiwa shule za Uingereza mwaka 2016, itumie. Ina taa 25 na vitufe viwili, na mtoto anaiandikia programu kwa bloku zinazofanana na za Scratch. Lugha za maandishi kama Python zisubiri mpaka mwisho wa shule ya msingi. Koma iliyosahaulika isimvunje moyo mtoto ambaye mantiki yake ni nzuri.

Hatua ya 5: Kutafuta habari na kuzipima

Tabiri kwanza hapa pia. Kabla ya kutafuta, mtoto aandike anachodhani ni jibu na maneno gani matatu au manne atakayoyaandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Watoto huandika sentensi nzima au neno moja tu. Waache walinganishe: "simba" huleta wanyama, timu na kampuni; "simba anakula nini" huleta kinachohitajika. Waonyeshe kwamba matokeo ya juu kabisa mara nyingi ni matangazo yaliyolipiwa, na yanatambulika kwa alama ndogo inayosema hivyo.

Kwa kuwapima, tovuti moja imetumika madarasani kwa miaka mingi: inamhusu pweza aishiye mitini katika misitu ya kaskazini magharibi mwa Marekani. Imekuwepo tangu 1998, ina picha, maelezo ya chakula chake na wito wa kumwokoa asitoweke. Pweza huyo hayupo. Wape darasa waisome na wajibu maswali ya kawaida ya ufahamu, bila kuwaonya. Kisha uliza: nani aliyeandika? Anataka nini kwako? Nani mwingine, asiyemjua huyu, anasema hivyo hivyo? Swali la tatu ndilo linalouangusha uongo, kwa hiyo wafundishe kufungua kichupo kingine na kutafuta nje ya ukurasa badala ya kuukodolea macho. Usiwacheke walioamini. Waambie kwamba ukurasa ulipambwa ili waamini.

Akili mnemba haikwepeki, na watoto wengi tayari wamezungumza nayo kwenye simu za nyumbani. Fanya zoezi la maneno: andika ubaoni "Asubuhi niliamka, nikapiga…" na kila mtoto aandike neno linalofuata. Wengi wataandika "mswaki." Waeleze kwamba mashine inayoandika imesomeshwa maandishi mengi mno na hufanya kazi inayofanana na hiyo: huchagua neno linaloelekea kufuata. Kwa hiyo inaweza kutoa sentensi nzuri yenye habari isiyo ya kweli, na haitaona haya. Kisha wewe mwenyewe, kwa akaunti yako na kwenye projekta, iulize maswali kuhusu jambo ambalo watoto wanalijua vizuri sana, nao wawe wasahihishaji. Jambo wanalolijua ni muhimu, maana ndilo pekee wanaloweza kulikosoa.

Hatua ya 6: Usalama

Usitishe. Mtoto aliyetishwa hujifunza kuficha. Mambo ya kumpa ni machache na yarudiwe: jina kamili, anwani, shule, namba ya simu na picha zake hazipewi mtu asiyemjua ana kwa ana, mtu anayemwomba afiche mazungumzo kwa wazazi anamtahadharisha kwa kinywa chake mwenyewe, kitu kikimtia wasiwasi asijibu, asifute, amwonyeshe mtu mzima anayemwamini. Kila mtoto ataje watu wawili atakaowaendea, na awaandike majina kwenye daftari lake.

Waambie wazazi, kwenye mkutano au kwa barua, kwamba mtoto akija kueleza tatizo asinyang'anywe kifaa papo hapo. Hofu hiyo ndiyo inayowanyamazisha watoto wengi.

Nywila ifundishwe kwa hesabu. Namba ya siri ya tarakimu nne ina uwezekano wangapi? Kumi mara kumi mara kumi mara kumi, 10,000. Mtu angechoka, mashine haichoki. Kisha wabuni nywila za mfano kwa maneno matatu yasiyohusiana, marefu na rahisi kukumbuka, na wazitupe. Ya kweli haisemwi darasani, hata kwa rafiki wa dawati moja.

Na mtoto akikueleza kwamba kuna mtu anamsumbua mtandaoni, sikiliza mpaka mwisho, usimwahidi kwamba utaificha siri, andika alichosema kwa maneno yake, na ukabidhi siku hiyo hiyo kwa mtu aliyepewa dhamana ya ulinzi wa watoto shuleni. Kama kuna picha, usiisambaze wala usijitumie.

Hatua ya 7: Kipindi kimoja cha dakika 40

Dakika 5 za kwanza skrini zimezimwa au zimefunikwa. Programu iko ubaoni, kila mtoto anaandika utabiri. Dakika 5 zinazofuata unaibofya na mnajadili. Dakika 20 ni za wawili wawili, na kazi imeandikwa kwa ngazi tatu: badilisha hiki, ongeza hiki, buni chako. Hakuna anayekaa bure akisubiri. Dakika 7 watoto wanasimama na kuzunguka, kila jozi inajaribu programu ya jozi nyingine na kuacha maoni ya namna mbili, kilichofanya kazi na swali moja. Dakika 3 za mwisho ni za kuhifadhi faili na kuzima mashine kwa utaratibu. Hizo tatu usizile, utazilipa kipindi kijacho.

Mtoto asiyeona vizuri aongezewe ukubwa wa maandishi na wa kielekezi kwenye mipangilio ya kompyuta. Mwenye mikono mizito apewe kibodi badala ya kipanya pale inapowezekana, na kasi ya kielekezi ipunguzwe. Mabadiliko hayo huchukua dakika chache na hayahitaji kununua kitu.

Hatua ya 8: Kupima walichojifunza

Mtihani unaouliza "taja sehemu nne za kompyuta" hupima kumbukumbu. Mpe mtoto programu iliyoharibiwa kwa makusudi, yenye kosa moja kati ya yale uliyoyaona hapo juu, umwambie inapaswa kufanya nini, na aitengeneze huku akieleza. Dakika tatu na mtoto mmoja zitakuambia mengi kuliko karatasi nzima. Kwa darasa kubwa, andika programu ubaoni na waandike itafanya nini. Mashindano ya Bebras, yaliyoanzia Lithuania mwaka 2004 na sasa hufanyika katika nchi nyingi, yana mafumbo mafupi ya namna hii yasiyohitaji mtoto ajue programu yoyote, na mengi yanapatikana bure.

Tunza folda ya kila mtoto mwaka mzima na uinakili kwenye flashi mbili zinazokaa mahali tofauti. Muhula wa mwisho, mfungulie programu yake ya kwanza kabisa, mwombe atabiri itafanya nini bila kuibofya, kisha aiandike upya kwa bloku chache zaidi. Weka matoleo yote mawili kwenye folda, ya zamani na mpya, ndiyo utakayomwonyesha mwalimu atakayempokea mwakani.